Bahasha Tatu Kutoka Mtinko

Mjomba aliponipigia simu kuniambia ng'ombe wa mama wamekufa wote watatu, nililia chooni kazini, nimefungulia bomba ili wenzangu wasinisikie. Mama hakuacha nyumba wala shamba la maana. Aliacha hao ng'ombe kwa kaka yake huko Mtinko, na neno moja kwangu: wasitoke mikononi mwetu. Nikamwachia mjomba awafuge, maana mimi nafanya kazi maabara, mjini, na ninaishi nyumba ya kupanga.

"Ni yale mapele," mjomba alisema. "Walivimba mwili mzima. Pole, mama yangu." Huwa ananiita mama kwa sababu nimefanana na dada yake.

Na mapele ndiyo kazi yangu. Tunachukua magamba ya vipele vya mifugo, tunasoma vinasaba vya virusi vilivyomo, kisha tunavipanga kwenye mti wa ukoo tujue nani ndugu wa nani. Kirusi cha ndui ya mbuzi, cha ndui ya kondoo na hiki cha mapele ya ng'ombe ni ndugu wa tumbo moja. Ukiwatazama wanyama wenyewe unaona vipele tu. Tofauti iko ndani, kwenye herufi chache sana za vinasaba.

"Ulibandua magamba?" nilimuuliza. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemfundisha mwenyewe: gamba likauke, liwekwe kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni. "Nilibandua kabla hawajafa," akasema. "Nitakutumia."

Bahasha zikaja kwa basi. Aliandika kwa mkono wake: Mwekundu. Mwenye baka. Ndama. Nilikaa nazo mapajani njia nzima kutoka stendi.

Majibu yalipotoka, ng'ombe wa mama walikuwa wamekaa kwenye tawi la mbuzi, wote watatu. Mtu mwenye akili zake angeshtuka hapo hapo. Mimi nilifurahi. Nikasema kirusi cha mbuzi kimevuka kwenda kwa ng'ombe, tena kimevukia kwetu Singida, na mimi ndiye niliyekiona. Siku tatu nikaandika, hata kula nasahau. Nilijiambia ng'ombe wa mama hawakufa bure, watasomwa na watu hata ambako yeye hakuwahi kufika. Niliumia na kufurahi kwa wakati mmoja, mpaka nikajionea aibu.

Mkuu wetu wa maabara ni mama asiye na maneno mengi. Alisoma kurasa zangu, akavua miwani. "Mnyama mwenyewe umemwangalia?"

Sikuwa nimemwangalia. Kwenye gamba kirusi hakiko peke yake, ngozi ya mnyama nayo imo, na vinasaba vyake vinasomeka vilevile. Lakini nimwangalie wa nini, wakati bahasha imeandikwa na mjomba? Nikarudi kwenye mashine. Jioni ile nikapata jibu: mbuzi. Bahasha zote tatu, mbuzi. Tena mbuzi mmoja yule yule. Hata kunitafutia mbuzi watatu aliona ni usumbufu.

Nilikuwa tayari kuamini kirusi kimefanya jambo ambalo sijawahi kuliona maishani, kuliko kuamini kwamba mjomba amenidanganya. Nilijiona bwege, tena bwege mwenye shahada.

Jumamosi nikaenda Mtinko. Nilimkuta uani anapepeta alizeti na vibarua wawili. Shikamoo nilimpa, hasira ni zangu lakini adabu nilifundishwa.

"Marahaba, mama yangu. Mbona umekonda?"

Nikamwekea ule mti mbele yake, umechapwa kwenye karatasi. "Huu ndio ukoo wa magamba yako, mjomba. Yametoka kwa mbuzi mmoja."

Aliweka ungo chini. Akahamia Kinyaturu, taratibu, ili vibarua wake wa kuja wasielewe. Akasema ng'ombe wa mama wako hai. Wako Nduguti, kwa wakwe wa mwanawe. Walitolewa mahari.

Ile harusi nilikuwepo mimi. Nilishona sare. Mshereheshaji aliposema mahari imekamilika, mtu wa kwanza kupiga vigelegele nilikuwa mimi, na mjomba yuko pale ananitazama. Siku ile ile nilimuuliza ng'ombe wangu wako wapi. Akasema wako machungani.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa."

Ni kweli ningekataa, siku ya kwanza. Siku ya tatu ningekubali, na yeye ananijua hivyo tangu niko mdogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakunipa hata hizo siku tatu.

"Wewe umesoma," akasema, "una mshahara. Ng'ombe ungewapeleka wapi?"

Sikwenda Nduguti. Ningekwenda kusema nini kwa watu waliopokea mahari kwa nia njema? Binti yao ananiita wifi, na ni mjamzito. Nikapanda basi nikarudi.

Jumatatu nikajaza fomu ya kufuta sampuli. Jina la mkusanyaji lilikuwa tayari limo, nililiandika mimi mwenyewe siku bahasha zilipofika, kwa fahari. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: Mkusanyaji haaminiki.

Mkuu akasoma. "Hili ni kali," akasema. "Andika tu kwamba mnyama siye. Inatosha."

Nikamwomba aiache hivyo hivyo. Nilijua nikiilainisha, kabla ya mwaka kwisha nitakuwa nimeanza tena kumtetea.