Ulinzi Alioufahamu Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, amelinda geti la chuo cha ufundi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana na geti hilo, kwa hiyo ya getini sisimuliwi, naona. Alikuwa havui filimbi shingoni hata siku ya mapumziko. Tulimtania kwamba ndotoni pia anawauliza watu wanakwenda kwa nani.

Binti yake alisomea kuchomelea vyuma humo humo chuoni. Ana mkono mtulivu, mtoto yule. Kitanda anacholalia mama yangu amekiunda yeye, na ukipapasa maungio yake mkono haukwaruzwi popote.

Basi waheshimiwa, ambao watoto wao hawajui koleo linashikwa upande gani, wakatunga sheria. Chuo kitakachowaandaa vijana kwa ajira za ulinzi kitapewa mashine mpya na walimu. Kitakachokataa kibaki na nyundo zake. Mkuu wa chuo akaita wazazi, akaisoma kama anayetangaza harusi, kisha akauliza nani anaafiki. Shemeji alinyanyua mkono kabla swali halijaisha. Wazazi wengine, walipoona mtu wa ndani amekubali, wakamfuata.

Jioni akaja kibandani anachekelea peke yake.

"Shemeji, hatimaye wametukumbuka walinzi! Mwanangu atashika kazi yangu, tena kwa cheti."

"Sasa mlinzi anachomelea nini?"

"Mageti, shemeji! Wewe shona viatu."

Mashine zikaja kweli. Vitanda na madirisha vikakoma. Siku moja, akikagua makufuli ya karakana, alimkuta binti yake ameinamia bomba nene lililozibwa upande mmoja. Hili alinisimulia mwenyewe.

"Mtungi wa gesi huu?"

"Ganda la kombora, baba."

"La kumpiga nani?"

"Hawajatuambia. Ndiyo kazi za ulinzi hizo. Si ulinyanyua mkono?"

Alikwenda kwa mkuu kuomba kauli yake ifutwe. Mkuu akamjibu kwamba sheria si geti, kufungua na kufunga unavyojisikia. Namchukia yule bwana, na sioni haya kusema. Mwanawe anasomea udaktari wa meno.

Asubuhi ya vijana waliohitimu kupelekwa kuajiriwa kiwanda cha makombora, basi la kiwanda likiwa ndani na wote wameshapanda, shemeji alitia kufuli, akatumbukiza ufunguo mfukoni, akasimama mbele ya geti. Dereva akapiga honi. Mkuu akaja mbio, tai imemrukia begani.

"Fungua, bwana! Umerukwa na akili?"

"Uliniajiri nilinde. Basi leo nalinda."

Nilivuka barabara nikashika vyuma vya geti kwa nje. Sikuwa na msaada wowote, nilikuwa na hasira tu. Ndipo binti akashuka.

"Baba, fungua. Waliomaliza kabla yetu bado wanazurura na vyeti vyao. Na wewe umelinda hapa, mvua yako jua lako, hata kiti hawajakupa."

"Mwanangu, kile kitu kitawaangukia watu."

"Najua. Nikikataa mimi, atakichomelea mwingine, tena vibaya."

Alilisema hilo la mwisho kwa fahari ya fundi. Baba yake alimtazama kama anayemuuliza mgeni anakwenda kwa nani. Kisha akatoa ufunguo. Bawaba za geti lile alizichomelea binti huyo huyo, na hazikulia hata kidogo.

Hawakumfukuza, nani mwingine atakaa pale bila kiti? Lakini filimbi ameivua. Juzi mgeni mmoja alimsalimu kwa adabu: "Shikamoo, mzee mlinzi."

"Marahaba. Ila mimi si mlinzi," shemeji akasema, akisukuma geti. "Mimi bawabu. Nafungua, nafunga. Haya, unakwenda kwa nani?"