Gauni Nililolichoma

Mnaniona nimenenepa, mkadhani nimekuja kujisifu. Nimekuja kuungama.

Kabla ya vita nilikuwa mkulima katika kijiji cha ujamaa huko Nemba. Shamba la pamoja nilililima kwa uvivu, langu kwa bidii, kama wenzangu wengi. Mke wangu Leokadia alikuwa Mhangaza kwa kabila, mzaliwa wa Mugoma. Vita vya Kagera vilipoanza nilikwenda na mgambo. Nilirudi mzima na kiburi tele, na kila gulio nilikuwa na mwanamke. Hilo sikumwambia mtu.

Miaka ile nguo zilikuwa adimu. Leokadia alinunua kitambaa chekundu cha magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, akashona gauni. Baada ya miaka michache akaanza kukonda. Aliharisha miezi mitatu, mdomo ukajaa utando mweupe. Watu walisema wachuuzi wa ng'ambo wamedhulumiwa na wanunuzi wa kwetu, ndiyo maana wameroga vitambaa vyao. Neno hilo nililidaka upesi, maana lilinificha. Nililichoma lile gauni uani mbele ya majirani, nikatangaza kwamba yeye ndiye aliyeniletea ugonjwa nyumbani. Kisha nikamrudisha kwao. Alifia huko, wala sikwenda kuzika.

Zamu yangu ikafika. Kwanza ulikuwa mkanda wa jeshi, malengelenge kutoka mgongoni hadi kifuani, hata shati likigusa naungua. Kisha kifua kikuu. Nilijisaidia kitandani, dada yangu akinisafisha. Dawa za kurefusha maisha zilipofika hospitalini nilikuwa mifupa mitupu. Nilimeza, nikatapika, nikameza tena. Baada ya mwaka nikashika jembe.

Siku moja daktari aliomba damu yangu kwa utafiti. Alinieleza kwamba kirusi cha ugonjwa huu kinapojinakili hukosea kidogo, na makosa hayo hurithiwa. Wataalamu huyalinganisha kwa watu wengi, wakahesabu miaka kurudi nyuma. Walikuta kilitoka kwa sokwe katika misitu ya mbali magharibi, kikaingia kwa binadamu kabla baba yangu hajaoa. Kilikuwa safarini hata kabla ya vita na magendo.

Nikamuuliza, "Na kati yangu na mke wangu, nani alianza?"

"Damu yako haiwezi kuniambia hilo, mzee. Maisha yako unayajua mwenyewe."

Niliyajua. Niliona aibu hata kumtazama.

Nikaenda Mugoma. Mama mkwe, sasa kikongwe, alikuwa mkekani akichambua maharage. Nilimwamkia, nikamweleza yote, ya magulioni na ya gauni. Hakuacha kuchambua. Mwishowe akasema, "Mgeni yeyote aliyetoka kwenu, mwanangu alimuuliza kama wewe umeshaanza kuugua. Alitaka kurudi akuuguze."

Namshukuru Mungu, na dada yangu, na waliotuletea dawa. Ndugu zangu, nendeni mkapime. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani, acha kumtafuta aliyeleta ugonjwa, mpe uji. Mimi sikumpelekea Leokadia hata kikombe kimoja.