Siku Tuliyotaka Kuwashukuru Majirani

Mwanangu ana miaka thelathini na moja sasa, na anazidi kunenepa. Muuguzi wa kliniki ya mjini Amu alimpandisha kwenye mizani, akamteremsha, akampandisha tena, kisha akanigeukia.

"Mama, unamlisha nini huyu?"

Niliapa kwamba asubuhi humpa chai na mahamri mawili tu. Mume wangu akanishuhudia. Muuguzi hakutuamini, na mashua ilipotufikisha kwetu Kipungani hata mimi nilikuwa sijiamini.

Mwanangu alizaliwa na miguu dhaifu na ulimi mzito. Maneno yake ni machache, na analolitamka vizuri kuliko yote ni "tamu". Alitembea akiwa na miaka saba. Wanawake wanaosuka mikeka barazani walikuwa wakipokezana mikono yake, huyu akimpeleka kwa yule, miezi na miezi, mikeka ikiwangoja. Mwalimu wa madrasa alimfundisha sura ya Alhamdu kwa miaka minne, na siku alipoimaliza, mwalimu alilia kuliko sisi wazazi.

Kesho yake baada ya kutoka kliniki nilimfuata mwanangu kwa mbali, nimejifunika buibui kama mwizi. Akiwa ameshakunywa chai yangu, aliingia nyumba ya jirani bila hodi, akakuta vitumbua. Kwa fundi wa mashua akapewa uji. Kwa mwalimu, mbaazi za nazi. Nyumba ya nne nikachoka kujificha, nikapiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Naam, alikuwa na kigoda chake huko! Mwenye nyumba, bibi msukaji mikeka, alikuwa akimmiminia chai.

"Bi, tangu lini mwanangu anakula hapa?"

"Tangu alipoanza kutembea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nawe hukuniuliza. Mimi nikidhani humpi kitu. Kila akija ana njaa, maskini."

Nilirudi nyumbani nacheka. Nilipomsimulia mume wangu, yeye hakucheka. Alipangusa macho, kisha akasema lazima tuchinje mbuzi tuwashukuru watu. Akaandika hotuba kurasa tatu, akapita nyumba hadi nyumba akiwaalika kwa Ijumaa baada ya sala.

Hata jioni haikufika, wanawake walikuwa mlangoni kwetu, bibi msukaji mbele yao.

"Tumesikia mwataka kutushukuru. Tumewakosea nini?"

"Hamkutukosea, Bi," mume wangu akasema. "Mmemtunza mtoto wetu."

"Mtoto wenu? Wenu na nani?"

"Wetu... sote."

"Basi na sisi twakushukuru wewe kwa kumtunza mwanetu. Wajionaje?"

Baada ya kubishana sana tukapatana kwamba tutakula pamoja, lakini kila nyumba itapika chakula chake, na hotuba haitasomwa.

Ijumaa zikaja sufuria nane. Katikati ya kula, mume wangu akashindwa kujizuia, akasimama na karatasi zake. "Ndugu zangu, mimi na mke wangu..." Watu wote wakainamia sinia zao.

"Bwana, kaa kitako," fundi wa mashua akamwambia kwa upole. "Pilau yapoa."

Kicheko kikapasuka. Mwanangu, aliyekuwa akihama sinia hadi sinia, akapaza sauti, "Tamu!" Hotuba ikaishia hapo. Ndipo nikawaeleza habari za mizani. Waliona haya, wakaahidi kwamba atakunywa chai nyumba moja tu kwa siku. Angalau ndivyo wanavyoniambia.

Wageni walipoondoka, bibi msukaji alibaki kunisaidia kuosha vyombo. Nikamtolea lililokuwa likinikaa rohoni miaka yote: sisi tunazeeka, na tukitangulia, nani atakuwa naye?

"Ah, hilo tumeshagombana zamani," akasema. "Fundi amtaka, mimi nimekataa. Paa lake lavuja. Na mwalimu naye adai haki kwa ajili ya Alhamdu."

"Lakini sisi bado tu hai!"

"Na Mungu awape umri. Sisi twapanga tu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, machozi yakinitoka. Kisha nikamuuliza nani ameshinda.

"Bado twabishana," akasema, akaendelea kusugua sufuria.