Rangi Nilizozifuta kwenye Konsoli

Wivu wangu ulianza na maneno manne. Niliyaona Jumatatu moja asubuhi, kikombe cha chai mkononi, kwenye ofisi yetu ndogo iliyo juu ya duka la dawa za mifugo hapa Kitengela. "Wote wamefika. Fungeni lango."

Yalikuwa kwenye konsoli, lile dirisha ambalo kila kivinjari hulificha nyuma ya ukurasa. Mtu wa kawaida halioni. Sisi tunaotengeneza tovuti tukibonyeza F12 linafunguka, na humo programu hutueleza imefanya nini na imekwama wapi. Husema kwa lugha kavu, mistari ya kijivu kwa mamia, na hakuna anayeisoma kwa raha. Mimi nilikuwa nimeizoea hivyo. Urembo niliuweka akiba kwa ajili ya riwaya yangu, ambayo nimeiandika kwa miaka mitatu.

Aliyeyaandika maneno yale alikuwa mwenzangu mpya, dada mmoja wa Isinya, binti wa wafugaji, aliyekuwa nasi kwa majaribio ya miezi mitatu. Tulikuwa tunatengeneza tovuti ya mnada wa ng'ombe kule Kajiado. Muuzaji anamwandikisha ng'ombe wake, picha na rangi, na wanunuzi wanamwona kabla hawajatoka nyumbani.

"Hii ni nini umefanya?" nikamwuliza.

"Si ni console tu, bro. Ilikuwa inakaa kama matanga."

Alinionyesha. Unaweka alama ya asilimia na herufi c mwanzoni mwa ujumbe, kisha unataja rangi, mandhari ya nyuma na ukubwa wa herufi, kama unavyoupamba ukurasa wenyewe. Yeye alikuwa amekwenda mbali zaidi. Alitunga kipande kifupi cha msimbo kilichofanya kila ng'ombe anayepakiwa kwenye tovuti aandikwe kwa rangi ya ngozi yake. Mwekundu kwa wekundu, mweusi kwa weusi, na wale wa madoadoa, ambao kwao huwaita sambu, aliwapa mistari ya rangi mbili. Ng'ombe akija bila picha, konsoli ilisema: "Huyu amekuja bila sura. Mwulizeni mwenyewe." Wakiisha kuingia wote, yakaja yale maneno manne.

"Na jumla? Mbona hakuna namba?"

"Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Baba anasimama kwa lango jioni, anawaangalia wakiingia. Hasemi wako wangapi. Anasema ile nyeusi ya pembe moja haijaingia."

"Na wakiwa mia mbili?"

"Anaangalia mia mbili. Kwani wewe ukifika kwenu unahesabu ndugu zako?"

Mimi ni mtoto wa Machakos. Kwetu hata mbegu za maharagwe huhesabiwa kabla ya kupandwa. Ofisi nzima ilicheka, na bosi wetu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akanipiga begani. "Huyu ndiye mwandishi sasa. Si umpe kile kitabu chako akimalizie?"

Nilicheka pia. Nilicheka mpaka taya likauma.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye kikao chetu cha waandishi, nikasoma sura yangu ya saba. Ndani yake mzee anarudisha mifugo jioni, na inachukua kurasa kumi na moja. Walinipigia makofi ya adabu. Rafiki mmoja alisema imeandikwa kwa bidii. Nilipokuwa nakunja karatasi zangu, niliyasikia yale maneno manne yakifanya kazi yote ya sura yangu, kisha yakinyamaza. Dada yule hakuwahi hata kusoma riwaya, na aliyaandika mahali ambapo msomaji hafiki!

Siku ya kuonyesha kazi iliwekwa Ijumaa, mnadani Kajiado. Bosi alisema wazi kwamba siku hiyo ndiyo ingeamua kama dada yule angebaki. Alhamisi mchana, alipokwenda kula, nilikitoa kipande chake cha msimbo. Nikaweka mistari ya kijivu iliyonyooka, kila mmoja na namba yake, na chini kabisa jumla. Nilijiambia kazi ya mteja inataka uzito. Ukweli ni kwamba sikutaka kuyaona yale maneno tena. Sikumwambia.

Mnadani tulipewa meza chini ya mabati, karibu na mazizi. Yeye aliwasalimia wazee kwa Kimaa, "Sopa," nao wakaitika "Ipa," wakasogea. Akafungua ukurasa. Jumla ikasoma arobaini na wawili, sawasawa na walioandikishwa asubuhi ile. Niliisikia raha ya namba iliyotimia.

Mama mmoja aliyeandikisha ng'ombe watatu akainamia kioo cha kompyuta. "Yangu moja haiko."

"Mama, hesabu imetimia," nikasema. "Wako arobaini na wawili."

"Sijakuuliza wako wangapi. Nimekuuliza nyeusi yangu iko wapi."

Wazee wakaangua kicheko. Mwenzangu akabonyeza F12 atazame, na kukawa na kijivu juu hadi chini. Aliishusha mistari, akaipandisha, akaishusha tena.

"Rangi zangu ziko wapi?" alisema polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

"Wewe si ulisema kwenu mtu akiangalia tu anajua?" bosi akamwuliza. "Sasa mbona hujui?"

Aliifunga konsoli, akaifungua tena. Nilielewa kwamba nikinyamaza tu, Jumatatu kiti chake kingekuwa kitupu na mimi ningebaki mwandishi pekee wa ofisi. Nikanyamaza. Sitadai kwamba ni kwa muda mfupi, maana mama yule alipata nafasi ya kuuliza swali lake mara mbili zaidi.

"Ni mimi," nikasema mwishowe. "Nilizitoa jana. Hakujua."

Nilikirudisha kipande chake, na rangi zikamwagika. Hatukuhitaji hata kusoma. Mama ndiye aliyeona kwanza, yeye ambaye hakuwa amewahi kuiona konsoli.

"Angalia, ile nyekundu ya uso mweupe imeingia mara mbili! Imekalia nyeusi yangu."

Kosa lilikuwa kwenye sehemu niliyoiandika mimi. Muuzaji akiandikisha ng'ombe wawili kwa haraka, wa kwanza aliandikwa tena juu ya wa pili. Namba yangu ilikuwa sahihi muda wote.

Kwenye gari la bosi, tukirudi, dada yule alinisemesha tulipokaribia kwao Isinya.

"Ungeniambia tu hupendi."

"Nilikuwa nayapenda maneno yako."

"Ndio ukayafuta?"

"Ndiyo."

Aligeukia dirisha. "Nyinyi watu wa vitabu muko na shida."

Aliajiriwa, na uongozi wa kazi ile ukatoka kwangu ukahamia kwake. Jumatatu nilipofungua konsoli, sehemu yangu ilikuwa imepewa rangi nyeusi, na ujumbe wa kututahadharisha kosa lile likirudi: "Kuna mmoja amekanyagwa na ndugu yake. Mwinueni."

Niliusoma mara tatu. Kisha nikaenda mezani kwake nikamwambia, kwa sauti ambayo bosi aliisikia, kwamba mstari ule ni mzuri kuliko chochote nilichoandika mwaka huu. Akasema asante, akaendelea kuandika. Nilirudi kwenye kiti changu moyo ukiwaka vilevile, nikafungua sura ya saba, nikaanza kufuta.