Nyamaza Mpaka Usalimiwe

Mtanisamehe mwandiko wangu, ninyi mtakaoyachapisha haya. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, si jinsi yalivyo vitabuni. Niliishia darasa la saba. Hasira nayo haiusaidii mkono. Nimeshachana karatasi kwa sababu kalamu ilikuwa inatoboa.

Kilichonitia hasira ni kazi ya mteja wa siri. Kwa asiyeijua, ni hivi: kampuni yenye maduka mengi inataka kujua wahudumu wake wanaishije na wateja. Basi anatafutwa mtu asiyejulikana, anaingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, anatazama, anauliza bei, anatoka, kisha anaandika ripoti kwenye simu na kuituma ofisini Dar es Salaam. Nilipoliona lile tangazo nilisema hii ni yangu. Mimi ni mtu wa haya. Mgeni akija nyumbani napitia mlango wa uani. Kazi ya kutazama na kunyamaza, tena ukalipwa, nilidhani Mungu ameniona.

Tunaishi Likombe, hapa Mtwara mjini, mimi na kaka yangu. Yeye ni kibarua bandarini, anapakia magunia ya korosho msimu ukiwepo, na msimu usipokuwepo analala na kulalamika. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.

"Kazi ya kununua? Wewe? Wewe ukitumwa chumvi unarudi kusema duka limefungwa, kumbe umeogopa kuwaambia wanaume waliokaa mlangoni wakupishe."

"Safari hii nitalipwa."

"Basi na mimi nitafutie ya kula. Iwe ya siri vilevile."

Nikajiandikisha. Nikakipiga picha kitambulisho changu, nikasoma masharti yote kwa kuweka kidole kwenye kila mstari, nikaambiwa hongera, sasa tafuta kazi zilizo wazi.

Tafuta! Ile programu inakuonyesha ramani ya nchi, na kila kazi iliyo wazi ni kidoti chekundu. Dar es Salaam ilikuwa nyekundu kama mtoto mwenye surua. Mwanza vidoti, Arusha vidoti, Dodoma vidoti. Huku kwetu kweupe. Niliandika Mtwara kwenye kisanduku cha kutafutia, nikajibiwa hakuna kazi karibu nawe. Nikaandika Mikindani, hakuna. Masasi, hakuna. Niliangalia asubuhi, nikaangalia jioni. Bando langu likaishia kwenye kutazama weupe.

Kulikuwa na kundi la wateja wa siri wa nchi nzima, tunatumiana ujumbe. Kuandika mbele ya watu nisiowajua kwangu ni sawa na kupandishwa jukwaani. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: "Samahani wapendwa, kazi za Mtwara zinapatikanaje?"

Mmoja akajibu: "Kwani Mtwara kuna maduka?"

Mwingine: "Nunua korosho, zitafune, uandike ripoti."

Wengine wakaweka vile vikatuni vya kucheka machozi. Hakuna aliyenijibu swali. Nilizima simu nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Niligundua mambo mawili mwenyewe, na nayaandika hapa ili mwingine asiteseke. Usitafute kwa jina la mji. Fungua orodha ya nchi nzima, ishuke taratibu kama unayechambua mchele, na chini kabisa utakuta neno "Kusini". Ofisi yao imetuweka wote huko, Lindi, Mtwara, mpaka Tunduru, na kidoti chetu wamekibandika katikati ya pori, mahali ambapo hata nyani hana duka. Jambo la pili: mwenye nyota anaziona kazi kabla yako. Mgeni unaonyeshwa zilizobaki, au zile ambazo mtu alizichukua akashindwa kuzifanya zikarudishwa. Zinarudishwa asubuhi, ofisi zikifunguliwa. Na ili upate nyota lazima ripoti yako moja ikubaliwe. Bila nyota hupati kazi, bila kazi hupati nyota. Walioyapanga haya wanalala usingizi mzuri.

Basi nikawa kila asubuhi nainama juu ya simu kabla sijawasha moto. Siku moja ikatokea. Duka la magodoro, la kampuni yenye matawi kila mkoa, lipo barabara ya kwenda bandarini. Nilibonyeza haraka mpaka simu ikaniponyoka.

Mwongozo wa kazi ulikuwa mrefu, lakini sharti la kwanza ndilo lililoandikwa kwa herufi nene. Ingia, simama, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, uone kama mhudumu atakusalimia. Usianze wewe. Ukianza wewe, ripoti haihesabiki.

Nililisoma nikaona ni rahisi. Kunyamaza nimezaliwa nako.

Nikaenda. Ndani kulikuwa na harufu ya sponji mpya, magodoro yamesimamishwa ukutani yakiwa bado na nailoni zake. Nyuma ya meza alikaa mama mtu mzima, umri wa bibi yangu mdogo, amevaa fulana ya kampuni juu ya gauni la kitenge. Aliinua uso akanitazama machoni. Hapo hata moja sikuwahi kuhesabu. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetokea wapi na jua hili?"

Sijawahi kuhudumiwa vile. Alinitembeza, akaniambia nibonyeze lile, nikalie hili. "Hili zuri kwa macho tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mmoja linabonyea kama chapati. Chukua hili gumu. Watu wa Mpapura wakishauza korosho ndilo wanalochukua, na hawarudi kulalamika." Nikamuuliza bei ya tano kwa sita, akaniambia, akanieleza na namna ya kulipa kidogokidogo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza tu, akaendelea kuongea.

"Namfurahia mtu kama wewe. Maana kuna vijana wanaingia hapa, wanasimama kama wamemeza mfupa. Hawasemi kitu. Na mimi nawatazama, nasubiri wanisalimie. Tunatazamana. Basi nasikia makao makuu wameandika eti duka la Mtwara halisalimii wateja. Mimi! Wamesema wakisikia tena mara moja tu, wananitoa, wanamleta kijana kutoka huko."

Niliacha kulibonyeza godoro. Wale waliomeza mfupa niliwajua ni akina nani. Walikuwa mimi. Walisoma mwongozo uleule, wakatii kuliko mimi. Nikaaga, nikatoka, nikaandika ripoti yangu kama ilivyokuwa, na shikamoo nikaiandika.

Kesho yake simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa ofisini, dada mwenye sauti laini kama ya kusomea taarifa ya habari.

"Ripoti yako nzuri, mdogo wangu, lakini imekataliwa. Umeandika ulisema shikamoo."

"Ndiyo, dada."

"Kabla yake."

"Ndiyo. Ni mtu mzima."

"Uko kazini, hukwenda ukweni. Yule si mama yako, ni mhudumu. Mhudumu ndiye anayeanza."

"Mtoto ndiye anayeanza, dada."

"Kwa nani?"

Nilitaka kumwambia: kwako wewe. Ukimpigia mama yako simu jioni hii, nani ataanza? Lakini maneno yangu huja nikishakata simu. Nikanyamaza, na kwa hilo angenipa alama zote.

Akasema kwa sasa kusini nzima hana mtu mwingine, kwa hiyo nirudi, mara hii nifunge mdomo, nami nyota yangu nitaipata na kazi nyingine zitafunguka. Nikamwambia yule mama atanitambua.

"Badilisha mtandio. Vaa miwani."

Nilimsimulia kaka. "Nikuazime helmeti yangu ya bandarini?" alisema. "Ukiingia nayo atajua umekuja kulipakia godoro." Kisha akaacha kucheka. "We, lakini ukinyamaza, yule mama si ndiyo basi tena?"

"Ndiyo basi."

"Na usiponyamaza?"

"Mimi ndiyo basi."

Akajikuna kichwa. "Kazi yenyewe ya ovyo hiyo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe tulikubaliana.

Nikarudi. Sikuvaa miwani. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na yule dada, na wale wa kundi, na mimi mwenyewe kwa kuitaka ile nyota. Nilijiambia labda mama atawahi kunikaribisha, kwa kuwa tulishaonana, na mambo yatakwisha salama. Ndani alikuwepo mzee mmoja mteja, mkulima, kanzu imekunjwa mikono, anagonga godoro kwa ngumi kama anayekagua ng'ombe. Mama yuko mezani. Nikaingia, nikasimama, nikanyamaza.

Mama alinitazama. Alitabasamu, akangoja. Nikaanza kuhesabu. Tabasamu likabaki pale, likingoja, kisha likaanza kuondoka taratibu, nami nikaliona linavyoondoka.

Mzee ndiye aliyevunja ukimya. "Ntoto nzima huyu! Anaingia kwa watu kama mbuzi. Hata mbuzi analia mee."

"Muache, baba," mama alisema, akasimama. "Huyu namjua, ana adabu zake. Kuna kitu." Akaja mpaka nilipo, akanishika mkono. "Mwanangu, una nini? Kuna msiba nyumbani?"

Alinivutia kiti. Alinimiminia maji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Na huku nikiyashika yale maji najua kabisa mwongozo unataka niandike nini: mhudumu hakusalimia. Sifuri. Aliyeinuka kwenye kiti chake kwa ajili ya mtoto asiye na adabu ana sifuri.

"Shikamoo mama," nilisema. Nikamgeukia na yule mzee. "Shikamoo babu."

"Marahaba," alijibu mzee. "Kumbe unayo. Ulikuwa umeifungia wapi?"

Nikanywa maji, nikasema sina msiba, ni kichwa tu, nikaondoka. Sikuweza kungoja nifike nyumbani. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala nikaandika ripoti palepale. Penye swali la salamu sikujibu ndiyo wala hapana. Niliandika hivi: Swali hili si sawa. Mimi ni mdogo na yeye ni mkubwa. Niliponyamaza nilimkosea, naye badala ya kunifukuza alinipa kiti na maji. Mpeni alama zote.

Jibu lilikuja kabla sijafika Likombe. Imekataliwa. Akaunti yako imefungwa kwa kutofuata mwongozo. Nikifungua ile ramani sasa sioni hata weupe.

Kesho yake asubuhi kaka akajiandikisha kwa simu yake, akaniambia nimwonyeshe. Nikamshusha kwenye orodha mpaka chini kabisa, Kusini. Ile kazi ilikuwepo, imerudishwa, kidoti katikati ya pori, inamngoja yeyote. Alitaka aichukue yeye, aende amsalimie mama vizuri, adanganye kwamba mama ndiye aliyeanza. Lakini haikukaa. Tulipokuwa bado tunabishana ikapotea mbele ya macho yetu. Mtu ameichukua.

Nilirudi dukani mara ya tatu, bila kutumwa na mtu. Nikamweleza yule mama kila kitu, jambo ambalo mwongozo unakataza kuliko yote. Niliongea nikiangalia sakafu. Nikamwomba, akiingia kijana akasimama kimya, amsalimie yeye kwanza.

Hakunikasirikia mimi, ila alikasirika. Alikunja ile fulana ya kampuni pale kifuani kwa ngumi.

"Mimi nianze? Nimwambie nini? Nimwambie mtoto shikamoo?"

"Mwambie karibu tu, mama."

"Karibu nitamwambia. Karibu haina mwenyewe. Lakini nikishamkaribisha nitamtazama, nami sitaongea bei mpaka aniamkie. Wakitaka waniondoe."

Nilimsihi. Alitikisa kichwa. Nikaona kwamba hatabadilika, na kweli sikutaka abadilike, nikatoka nikiwa na hasira zaidi ya nilivyoingia.

Sijui ni nani aliyeichukua ile kazi. Labda ni mtu wa hapahapa mjini, mgeni kama nilivyokuwa, anayeitaka nyota. Labda anasoma hapa. Ndugu yangu, sikujui jina na sikulaumu kwa kuitafuta kazi, maana najua ilivyo ngumu kuipata. Ukiingia kwenye lile duka, mwamkie yule mama. Na kama umeshaingia, ukasimama, ukahesabu, basi chukua karatasi uniandikie, kupitia hawa waliochapisha haya, uniambie kwenye swali la salamu ulijibu nini. Nanyi wengine mliowahi kufanya kazi hii, kokote mliko, niandikieni jinsi mlivyofanya mbele ya mtu aliyewazidi umri. Nataka kujua kama kuna hata mmoja aliyeweza kunyamaza, na akirudi nyumbani alimwambia nini mama yake.