Ukuta wa Kibanda cha Chai

Siku hizi pale machimboni wanamwita Nyamazeni, na vijana walioingia kazini juzijuzi wanadhani ni jina la utani la mzee msumbufu asiyependa kelele. Zamani aliitwa Baruti. Jina hilo lilimkaa barabara, maana yeye ndiye aliyetoboa mwamba, akashindilia baruti, akapuliza filimbi na kuupasua mlima. Hata nyumbani aliongea kwa sauti ya mtu anayewaonya wenzake wakimbie. Alikuwa nyapara wa wapasuaji mawe, na ubishi wake, jamani! Ukimwambia jua limetoka, atatoka nje kuhakikisha, kisha atakwambia limechelewa.

Mkewe aliuza chai na mkate pale pale machimboni, na wafanyakazi wote walimwita Mama Chai. Kibanda chake kilijengwa na Baruti mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa mkono wa birika, alitafuta mahali ambapo hatalazimika kununua mbao za upande wa nyuma, na akapapata. Chini ya genge la mlima palikuwa na uso wa mwamba mpana kama ukuta wa ukumbi, umesimama kwa mteremko mkali, laini na unaong'aa kana kwamba mtu ameupaka mafuta. Baruti akasimamisha nguzo mbele yake, akaezeka bati, akajisifu, "Ukuta wa bure huu." Juu ya kibanda, kuelekea kulia, bonge kubwa la mwamba lilikuwa bado limeukalia uso huo. Wanaume walikuwa wakilikata kidogo kidogo. Kushoto palikuwa na shimo la zamani lililoachwa, ambamo walitupa vifusi.

Mama Chai aliupenda ukuta ule. Ulikuwa wa baridi hata mchana, na alijitazama humo akifunga kilemba, ingawa alichokiona kilikuwa kivuli tu.

Binti yao wa pekee alikwenda chuo kikuu kusomea mawe. Baruti alisema, "Mimi nimekula vumbi maisha yangu yote ili mtoto huyu asiyaone mawe, naye anayafuata mpaka chuo!" Lakini alilisema hilo kwa kila mtu, hata kwa madereva wa malori wasiomjua, ndipo watu wakafahamu kuwa anajivuna. Binti aliporudi likizo alipiga magoti nyuma ya masufuria ya mama yake kama aliyeokota dhahabu.

"Baba, mng'ao huu haukuja hivi hivi," alisema. "Ardhi ilipasuka hapa, upande mmoja ukasuguana na mwingine. Hii mikwaruzo ndiyo njia liliyopita jiwe. Na mshipa huu mweusi, unauona? Hili ni jiwe lililoyeyuka."

"Nani kaliyeyusha?"

"Msuguano. Ardhi ikienda polepole, jiwe haliyeyuki. Lazima iwe ilikwenda ghafla, muda wa mtu kupiga chafya, kisha jiwe likaganda. Kwa hiyo ukiuona mshipa huu unajua kabisa: tetemeko lilipita hapa."

"Lini?"

"Zamani mno, Baba. Watu walikuwa hawajakuwepo."

"Basi si lishapita," Baruti akasema, na akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Binti akacheka, akamshika mama yake mkono na kuupitisha ukutani. "Shuka huku. Sasa rudi juu." Kushuka, kiganja kiliteleza. Kurudi, kilikwaruzwa na ngazi ndogondogo ambazo jicho halizioni. "Upande ulio laini ndiko lilikokwenda jiwe ambalo halipo tena."

Mama Chai alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe ni kama shavu la baba yako! Ukishuka, laini. Ukipanda, linachoma."

Tangu hapo kila mnywa chai alishikwa mkono na kupapasishwa ukuta, atake asitake. Ni Baruti peke yake aliyekataa. "Mawe haya nimeyapapasa kabla ninyi hamjajua kuwa yana majina," alisema. Alitia pamba masikioni, kama kawaida yake.

Tetemeko lilikuja asubuhi yenye jua, chai ikiwa bado haijachemka. Baruti na wenzake walikuwa juu ya genge wakitoboa mwamba. Ardhi iliwatupa chini kama mahindi kwenye ungo, na mlima ukatoa mlio ambao hata yeye, mwenye kazi ya milio, hakuwahi kuusikia. Vumbi lilipopungua akatazama chini. Bonge halikuwepo. Kibanda hakikuwepo. Palikuwa na kifusi tupu kilichotapakaa kuanzia chini ya ukuta hadi kwenye shimo la zamani.

Alishuka akianguka na kuinuka, akimwita mkewe kwa jina ambalo wafanyakazi hawakuwahi kulisikia.

Wakachimba. Katapila zote zilikuwa mjini, ambako majumba yalikuwa yamelala juu ya watu, kwa hiyo walichimba kwa mitaimbo na mikono. Baruti aliwaweka pale kibanda kilipokuwa. Jiwe huanguka chini, alisema, halitembei kando, na hakuna aliyekijua kibanda kuliko yeye aliyekijenga. Jioni wakayafikia mawe matatu ya jiko, na majivu yake bado yana joto. "Yuko hapa hapa!" akapiga kelele. "Nilisema nini?" Wote wakaamini. Mimi pia ningeamini.

Kesho yake mchana, mpasuaji mmoja waliyemwita Mrefu aliinua mkono. "Nyapara, kuna kitu kinagonga."

Wakaacha mitaimbo. Ilikuwa sauti ndogo kutoka upande wa kushoto, kwenye vifusi vya shimo la zamani. Ko. Ko. Kimya. Ko.

Sasa, kila mpasuaji mawe anajua kwamba mwamba uliovunjika hulia. Ukishalipuliwa hutoa milio siku kadhaa, ukijipanga na kutulia, na mgeni huweza kuapa kwamba kuna mtu ndani. Baruti ndiye aliyewafundisha wote jambo hilo. Kwa hiyo aliwafundisha tena.

"Ni mawe tu hayo," alisema. "Yanatulia. Chimbeni."

Wakachimba. Sauti ile ilikuja tena mara kadhaa, halafu mitaimbo ikaifunika, na baadaye hakuna aliyeisikia.

Binti alifika siku iliyofuata kwa miguu, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Viatu vyake vilikuwa vimepasuka. Hakulia wala hakusalimia. Alitazama lile tundu walilochimba, akauliza, "Mmesikia chochote?"

Mrefu akainamisha kichwa. Baruti akajibu, "Mawe tu, mwanangu."

Binti akaenda ukutani. Juu ya mng'ao wa zamani palikuwa na mikwaruzo mipya, myeupe, yenye unga unga kama chaki. Haikushuka moja kwa moja. Ilikwenda mshazari, kutoka kulia kwenda kushoto. Aliweka kiganja, akakishusha, akakirudisha, kisha akakishusha tena.

"Baba," alisema, "limekwenda kule. Limekisukuma kibanda chote kule."

Hakuna aliyehitaji kuuliza kule ni wapi. Baruti alikimbia wa kwanza.

Walimkuta chini ya pande moja kubwa la jiwe lililokuwa limeegemea meza yake nene ya kuuzia chai. Meza ilikuwa haijavunjika. Mguu wa Mama Chai ulikuwa umebanwa, lakini kichwani na kifuani hakuwa na hata mchubuko, na kilemba chake kilikuwa bado kimefungwa vizuri. Mwili wake ulikuwa bado haujapoa sawasawa. Mkononi alishika upawa wa chuma, na kikombe cha upawa ule kilikuwa kimebonyea chote upande mmoja.

Juu yake, kwenye jiwe, palikuwa na alama nyeupe nyingi, zimelundikana mahali pamoja. Baruti aliingia kwa tumbo hadi akazifikia, akazipapasa. Nyingine zilikuwa zimechimbika kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Nyingine alizigusa kwa shida. Za mwisho zilikuwa vumbi tu, zikafutika chini ya kidole chake.

Ilibidi wamvute Baruti kwa miguu kumtoa.

Binti hakumlaumu, si siku ile wala baadaye. Huja kila likizo, humpikia, huondoka. Baruti angependa zaidi atukanwe.

Alirudi kazini kwa sababu hakuna kazi nyingine anayoijua. Ila sasa, kila mlipuko ukishapigwa na mawe yakianza kulia, huinua mkono na kupaza sauti, "Nyamazeni!" Mashine huzimwa, malori huzimwa. Yeye hulala kifudifudi juu ya kifusi, sikio limegusa jiwe. Vijana wapya hukonyezana na kuziba midomo wasicheke. Mrefu hacheki, huvua kofia na kungoja.

Inachukua muda mrefu, na mwenye machimbo amekwisha kulalamika. Kisha mzee huinuka, hujipangusa vumbi magotini, na husema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake zamani:

"Haya. Ni mawe tu."