Leso Kuzunguka Tundu la Kinyonga

Kinyonga nilipewa na mwenzangu wa kazini, muuguzi wa zamu ya asubuhi katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Alikuwa anahamia jimbo jingine na garini mwake hamna nafasi. Nilikubali kabla sijafikiri, na hiyo ndiyo tabia yangu. Binti yangu, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na miezi minne tangu tumtoe Houston kumleta hapa Irving, na katika miezi yote hiyo hakuniomba kitu wala kunihadithia kitu. Nilipomwonyesha picha ya kinyonga kwenye simu, alisimama, akauliza anakula nini. Basi! Kwa swali lile moja ningemletea hata mamba.

Alikuja na tundu lake la wavu linalonifika kifuani, taa mbili, mmea wa kutambaa, na karatasi ya maagizo. Karatasi ilisema ni dume, ni mpole, na hapendi kushikwa. Taa moja ya joto, moja ya kumpa mwanga wa jua asioupata ndani ya nyumba. Chakula chake ni nyenje walio hai, wanyunyiziwe kwanza unga mweupe wa kalsiamu. Kuhusu maji karatasi haikusema, ama ilisema mimi nikaruka. Nikamwekea bakuli, kama mtu mwenye akili zake. Siku mbili hakuligusa. Ni binti yangu aliyesoma mtandaoni akanijia mbio: kinyonga hanywi maji yaliyotulia, hulamba matone juu ya majani. Tukanunua chupa ya kunyunyizia. Asubuhi kabla ya shule, na jioni tena, mtoto ananyunyiza majani taratibu, na mimi nimesimama nyuma yake na chai yangu. Siku ile kinyonga alipoutoa ulimi akalamba, binti yangu alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile.

Nyenje nao ni balaa. Wawili walitoroka wakahamia nyuma ya friji, wakaimba wiki nzima. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huonekana Ijumaa kwa Ijumaa, aliuliza kama tumefungua shamba.

Wiki ya pili akaja mama yangu kutoka Mombasa, kwa viza ya kutembea. Nilikuwa nimemweleza kila kitu kwa simu isipokuwa kinyonga. Nilijidanganya kwamba akimwona atamzoea. Aka! Aliingia, akambusu mjukuu wake, akageuka, akaliona tundu.

"Audhubillahi! Hiki nini tena?"

"Kinyonga, Mama. Wa mtoto."

"Watu wanafuga paka, wewe umefuga mkosi?"

Kwetu kinyonga hafugwi. Ukimkuta njiani unapita mbali, na wavulana watundu wa mtaani walikuwa wakimtia tumbaku mdomoni wamwone anavyobadilika rangi mpaka afe. Mimi mwenyewe niliwahi kuwashangilia, na leo naona haya kulisema. Kwa hivyo sikumshangaa Mama, lakini nilimkasirikia, maana hasira zangu na zake zimepikwa chungu kimoja. Alikihamisha kiti chake akaligeuzia tundu mgongo. Akipita kwenda jikoni, anajifunika mtandio upande ule wa uso. Kila siku tuligombana, yeye anasema na mimi najibu.

"Ama mimi ama mdudu huyo," aliniambia siku moja. "Mmoja wetu ataondoka."

"Wewe una tikiti, Mama. Yeye hana."

Hakucheka.

Tulipomaliza wiki ya tano na kinyonga, akaacha kula. Ilikuwa Alhamisi. Nyenje wakampita puani hata asiwaangalie. Yeye ambaye hatua moja humchukua muda wa kupika chai, sasa hatulii: anashuka sakafuni mwa tundu, anakwaruza pembeni, anapanda, anashuka tena. Ule ukijani wake ukaingia madoa ya manjano na buluu. Ijumaa binti yangu alikataa kwenda shule. Akaniambia, kwa Kizungu chake, kwamba mnyama wake anakufa, na kwamba mimi kila anachokipenda namwondolea: kwanza shule yake, halafu rafiki zake, sasa hiki. Hilo lilinichoma. 

Mama alikuwa kitini, mgongo kwa tundu, tasbihi mkononi.

"Haumwi huyo," akasema bila kugeuka. "Namsikia anavyokwaruza. Ana uchungu wa kuzaa."

"Uchungu gani, Mama? Ni dume."

"Nani kasema?"

"Karatasi."

"Karatasi imezaa mara ngapi? Mimi nimezaa mara saba."

Mama hakuwa mkunga, ila mtaani kwetu hakuna mwanamke aliyeshikwa na uchungu asiitwe yeye aje amshike mgongo. Akainuka, na kwa mara ya kwanza akasogea akamtazama kinyonga hasa. Alimtazama tumbo, akamtazama ubavu uliojaa vinundu. "Lahaula," akasema. "Na huyu karibu."

Nikapiga simu kwa kliniki ya madaktari wa wanyama. Wakataka picha ya miguu ya nyuma, tukawatumia. Dume huwa na kinundu kisiginoni, na wetu hana. Ni jike. Na jike, wakanieleza, hata asiyewahi kuonana na dume hutaga. Asipopata pa kuchimba, mayai humkwama ndani, naye hufa. Wakaniambia nimtilie ndoo ya mchanga wenye unyevu, na asipotaga kufikia Jumatatu nimpeleke apasuliwe, lakini uhai wake hawawezi kuniahidi. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na simu, akasikia yote.

Jumamosi asubuhi ndoo ilikuwa tayari. Kinyonga akaingia, akaanza kuchimba kwa mikono yake ile ya koleo. Mimi na binti tukapiga magoti mbele ya wavu, yeye na simu yake anarekodi. Kinyonga akainua jicho moja, akatuona, akaacha. Akatoka ndooni. Baada ya saa akarudi, akachimba, akatuona, akatoka. Mara ya tatu hivyo hivyo. Alikuwa amechoka, macho yameanza kuzama. Nikawa nasema "atachimba tu, atachimba tu," nisijue ninalosema.

Hapo Mama akatulipukia.

"Nyinyi hamna haya? Mzazi yuko katika uchungu mnamkodolea macho? Na simu juu yake! Ondokeni!"

Akaenda chumbani, nikasikia anafungua sanduku lake. Alirudi na leso mbili mpya, doti nzima aliyoniletea zawadi, bado zinanukia karafuu. Akazikata pale pale kwa mkasi wangu wa jikoni, akazizungusha tundu pande zote, akazibana kwa vibanio vya nguo. Akaacha juu wazi kwa ajili ya taa. Televisheni akazima. Mume wangu, aliyekuwa amelala kochini, akafukuzwa akalale chumbani. "Mwanamume hana kazi hapa," akamwambia, na maskini akaondoka na mto wake bila kuuliza.

Halafu akakiweka kiti chake mbele ya leso na kukaa. Siku nzima hakuruhusu mtu kusogea. Binti yangu alikuja kila baada ya muda, "Bibi, vipi?", na Bibi anajiwekea kidole mdomoni. Mara moja tu nilimwona akifunua pembe ya leso kwa ncha ya kidole, akachungulia, akaifunika. Nilimsikia akinong'ona, "Haya, mama. Polepole." Anamwambia kinyonga!

Jumapili baada ya swala ya adhuhuri akatuita. Kinyonga alikuwa tawini, mchanga umemgandia usoni, tumbo limezama, mbavu zinahesabika, na ndooni shimo limefukiwa na kusawazishwa. "Amejifungua," Mama akasema. "Mpeni maji. Angekuwa mtu ningemkorogea uji wa pilipili manga." Binti yangu akamrukia shingoni akalia, na Mama akacheka, "We, utaniua!" Nikachukua chupa nikawa nanyunyiza. Kinyonga alilamba na kulamba, sijawahi kumwona akinywa vile. Binti akaenda kufukua mayai ndooni, meupe na madogo kama njugu, ya bure yote, hayawezi kuanguliwa, akayapanga kwenye sahani.

Mama akaja akasimama kando yangu. Aliongea chini chini, mtoto asisikie.

"Ulipomzaa huyu, kule Houston. Nani alikusitiri?"

Alikuwa ameomba viza mara mbili wakati ule, wakamnyima mara zote mbili. Mume wangu alikuwa njiani na mzigo, majimbo matatu mbali. Kwa simu nilimwambia Mama kila kitu ni sawa, nimezungukwa na watu. Ni kweli nilizungukwa. Mlango ulifunguka na kufungwa usiku kucha, wakaingia wanafunzi wa udaktari nisiowajua, wanasimama miguuni kwangu wanaandika. Nilimwomba mmoja anifunike, akasema anakuja, hakurudi.

"Hakuna, Mama," nikasema.

Nikaendelea kunyunyiza ingawa majani yalikuwa yanachuruzika.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia, ungefanya nini? Wewe uko Mombasa."

"Ningelia," akasema. "Ningelia nawe kwa simu mpaka kuche."

Nikalia pale pale, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, na chupa mkononi.